Sista Aliyezika Migomba

Kutoka Ifakara kwenda Mbingu kuna barabara moja tu, lakini mimi nilikuwa na mbili: ile niliyopita nikiwa peke yangu na ile niliyopita nikiwa na Sista. Ya kwanza ilinichukua asubuhi, hata kama kuna matope. Ya pili ilimeza siku nzima, kwa sababu Sista hakupita kaburi bila kusimama. Akiona tuta la udongo pembeni mwa mashamba ya mpunga, au msalaba wa mti uliolalia matete, aligonga dashibodi kwa kiganja na kusema, "Dereva, simama." Anashuka, anaingia kwenye majani yenye nyoka bila kutazama anapokanyaga, anasimama hapo kimya. Kisha ananigeukia na kuuliza swali nililolisikia mpaka nikalichukia.

"Nani analala hapa?"

Mimi ningejuaje? Niliajiriwa na misheni kuendesha Landrova, si kulinda makaburi. Siku za mwanzo nilimjibu, "Watu tu, Sista." Alinitazama kwa macho yake meusi, ambayo sikuwahi kuyaona kwa Mzungu mwingine yeyote pale misheni, akasema hakuna watu tu, niende nikaulize. Basi tunakwenda nyumba ya jirani, tunabisha hodi, tunasema Tumsifu Yesu Kristo, tunauliza. Mara ni mama aliyefia uzazini. Mara ni mpagazi wa vita vya Wajerumani, ambaye hata wajukuu wake hawakupata kumwona. Mara ni mtoto wa surua. Sista anasikiliza, analirudia jina taratibu, anapiga ishara ya msalaba, tunaondoka. Hakuandika popote. Lakini wiki iliyofuata tukipita pale pale alinitajia yeye jina, na mimi niliyezaliwa bonde hili nilikuwa nimeshalisahau.

Sasa fikirieni wenyewe. Mzungu wa makamo anayekaribia uzee, shela kichwani, anazunguka bonde zima akiuliza wafu wa watu. Na kazi iliyomleta ni kupima uzito wa watoto wachanga. Hata kama ningekuwa sijui kitu, ningeanza kusogeza watoto wangu ndani.

Bonde la Kilombero halijawahi kukosa hadithi za chinjachinja, wezi wa watoto na damu za watu. Miaka ile ya tisini zilizidi, maana kulikuwa na watu wa utafiti wa malaria waliopita vijijini wakitoboa watoto vidole na kuchukua damu kwenye vioo. Walikuwa watu wa heri, walieleza vizuri, wakagawa na dawa. Lakini damu ni damu, na gari ni gari. Nikisimamisha Landrova mahali pasipo na nyumba, niliona wanawake waliokuwa wanapalilia wakinyanyuka mmoja mmoja na kuondoka, bila kukimbia, bila kugeuka. Kule kuondoka bila kukimbia ndiko kulikonitia baridi.

Nilimwambia Sista. Alisema, "Waache. Wanalinda watoto wao." Nikadhani hajaelewa Kiswahili.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu karibu, na alikuwa mwizi wa karata. Tukikwama kwenye foleni ya pantoni, tunasubiri kuvuka mto kwenda upande wa Ulanga, tulicheza lasti kadi juu ya boneti pamoja na makuli. Alituibia wote. Siku moja nilimshika mkono na karata mbili zikaanguka kutoka ndani ya mkono wa gauni lake la kitawa. Makuli walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakuona haya hata kidogo, alisema Mungu alikuwa anatazama viboko mtoni. Alipiga mluzi pia, jambo ambalo masista wenzake hawakulipenda, na nyimbo zake hazikuwa za kanisani. Zilianza polepole halafu zikakimbia, na akifika mahali pale pa kukimbia alinyamaza ghafla na kutazama nje ya dirisha.

Mpishi wa nyumba ya masista aliniambia kwamba Sista halali mlango umefungwa. Mbu wa Ifakara mnawajua. Alilala mlango wazi, kandambili zimeelekezwa nje, na kipande cha mkate mkavu chini ya mto. Asubuhi mkate unapewa kuku na jioni anaweka mwingine. Mpishi alisema labda ni dawa. Nikamwambia asirudie maneno hayo mbele ya mtu, lakini najua aliyarudia.

Kliniki zake zilikuwa vurugu tupu. Mtu aliyekunja shuka zake kama karatasi, aliyenifokea kwa tone la mafuta kwenye kiti, hakutaka watoto wapangwe mstari. Kina mama walikaa popote, wakaja mizani walivyotaka, wakagombana, na Sista akacheka. Alipima uzito tu. Walipomletea utepe wa kupimia vichwa vya watoto, aliutupa chooni, na mganga mkuu alipouulizia akasema umeliwa na panya.

Siku ya Mngeta ndiyo iliyoniharibia usingizi. Tulikuwa na mhudumu mpya, kijana safi ametoka chuoni, akaona fujo ile akaamua kuisaidia. Wakati Sista yuko nyuma ya jengo anakunywa maji, yule kijana alipita na kalamu ya wino akamwandikia kila mtoto namba yake mkononi, ndani ya kigasha, ili wajue nani anafuata. Kazi nzuri, mimi mwenyewe nilimsifu. Sista alirudi. Alimwona mtoto wa kwanza, akaona wa pili. Uso wake ulibadilika rangi, nikadhani anaanguka. Hakumfokea kijana. Aliomba beseni na sabuni, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuwaosha watoto mikono, mmoja baada ya mwingine, anasugua, maji yanamwagika. Watoto wakalia. Kina mama wakatazamana. Mmoja alimnyakua wa kwake akiwa na povu bado akaondoka, na wengine wakamfuata kwa ule mwendo wa kutokimbia.

Habari ilifika Ifakara kabla yetu. Ilifika imegeuka: Sista anawatia watoto alama, halafu anawaosha ili isionekane.

Na kulikuwa na suala la nguruwe. Misheni ilifuga, na sikukuu za Noeli zilikuwa za nguruwe kuanzia supu mpaka mwisho. Sista hakugusa. Alikula wali na mchicha, akatazama ukutani. Fundi mmoja Mwislamu kutoka upande wa mashamba ya miwa, aliyekuja kutengeneza pampu yetu, alinitania kwamba huyo ni wa kwao, tumrudishe tu. Lakini Padri alipomwomba asimamie ujenzi wa banda jipya la nguruwe, halikuwa jambo la utani tena. Tulisikia sauti ya Sista kutoka ofisini hadi gereji. Alitoka ameshika shela mkononi, nywele zake za mvi nje, akaingia garini akaniambia niendeshe. Niliuliza wapi. Akasema popote pasipo na harufu ile.

Kaburi moja tu sikusubiri aniulize. Liko karibu na kijiji cha Mbingu, na ni la mjomba wangu, kaka yake mama, aliyechukuliwa na mto Kilombero yeye na mtumbwi wake. Hatukumpata. Kwetu mtu asiyepatikana haachwi hivi hivi, maana atasimama ukingoni amelowa, anasubiri kuitwa. Kwa hiyo unakatwa mgomba wa urefu wake, unavalishwa nguo yake au sanda, unazikwa, jina linatamkwa kwa sauti, watu wanalala matanga kama kawaida. Hilo ni kaburi kamili. Tena lina masharti zaidi kuliko la mwili: atakayelifukua, kwa kujua au kwa kutojua, amejifanya ndugu wa marehemu. Ndiye mfiwa. Atazika upya, atalala matanga, ataomboleza mpaka mwisho, awe anamjua marehemu au hamjui. Ndiyo maana hakuna anayeligusa.

Nilimweleza Sista haya yote nikitazama saa, maana mvua ilikuwa inakuja kutoka Udzungwa. Alikaa chini kwenye majani.

"Na anatulia?" aliuliza.

Nilimwambia mama alikuwa akimwota mjomba amesimama majini, anatetemeka, lakini tangu uzikwe ule mgomba hakumwota tena. Tukarudi Ifakara bila kusimama. Hata makaburi aliyapita.

Mwaka uliofuata alikwenda likizo Ulaya, likizo yake ya kwanza tangu nimjue. Aliporudi gauni lilikuwa linamning'inia. Kwa wiki kadhaa hakupiga mluzi. Halafu siku moja tulikuwa juu ya pantoni, maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa, abiria wote wamekusanyika upande wa pili wanamtazama mamba. Sista alibaki garini. Akasema, akitazama mbele, bila kunigeukia:

"Dereva, nimeona alipolala mama yangu. Kuna banda la nguruwe."

Alinieleza mengine kwa vipande, nami nayaweka hapa kwa mpangilio kwa sababu yeye hakuyapanga. Watu wake hawakuwa kama Wazungu wengine. Walijiita Waroma, si wa Roma ya Papa, na watu waliwaita majina mengine mabaya. Waliishi na magari ya farasi, walitengeneza masufuria, walipiga fidla kwenye harusi za watu, na kila walipofika waliambiwa wamekuja kuiba kuku na watoto. Ilipokuja vita kubwa ya Hitla, walihesabiwa. Walikuja watu waliovaa makoti meupe wakawapima vichwa na kuwachungulia macho. Kisha wakakusanywa kwenye kambi ya mbao, pembeni mwa msitu, na wengine baadaye wakapelekwa mbali kwa treni, wakachanjwa namba mikononi, wasirudi. Mama yake, dada yake na mdogo wake wa mwisho hawakufika hata kwenye treni. Walifia pale kwa njaa na homa ya matumbo. Yeye alikuwa mtoto mgonjwa, akapelekwa hospitali ya mjini, na masista wa hospitali wakawaambia askari kwamba amekufa. Wakampa jina lingine. Alikua mikononi mwao, akabaki.

Baada ya vita, alisema, hakuna aliyetaka kusikia. Watu walisema wale walifungwa kwa sababu ya wizi, si kwa sababu ya vita. Miaka ikapita, mahali pa kambi wakajenga banda la nguruwe, kubwa, la saruji. Na sasa hatimaye wameweka jiwe. Ndilo alilokwenda kuliona. Wakubwa walikuja na mashada ya maua, hotuba zikasomwa. Upepo ulipogeuka, watu wakatoa leso wakaziba pua. Nguruwe walikuwa wanalia wakati wa sala. Ilipokwisha, wakubwa wakapanda magari yao, jiwe likabaki, na nguruwe wakabaki.

Nilishika usukani ingawa tulikuwa juu ya maji na injini imezimwa. Nilikumbuka beseni la Mngeta. 

"Nataka migomba mitatu," alisema.

Padri alikataa, na simlaumu sana. Alisema misa atasoma, tena ya kuimba, lakini migomba kwenye makaburi ya misheni haiwezekani. Watu watasema kanisa limerudi kwenye matambiko. Kwa hiyo nilimpeleka Sista kwa mama yangu, Lumemo, ambaye shamba lake lilishuka mpaka mtoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akamuuliza swali moja tu: kila mmoja alikuwa na urefu gani?

Sista alisimama. Hakutaka kamba wala fimbo ya kupimia. Alionyesha kwa mkono. Dada alimzidi kidogo, hapa. Mdogo wake alimfika hapa, akajigusa mbavu, halafu akaushusha mkono, maana alikumbuka kwamba yeye mwenyewe wakati huo alikuwa mtoto. Mama yake alimwonyesha juu sana, juu ya mlango. Mama yangu akasema kwa upole kwamba kwa mtoto kila mama ni mrefu, akaagiza wa kadiri.

Migomba tuliitoa bustani ya misheni. Tuliivika sanda ya marekani nyeupe, tukaipakia nyuma ya Landrova, tukaizika asubuhi kukiwa na ukungu mtoni. Mama aliongoza. Sista alitamka majina. Tulilala matanga watatu tu, jambo lililomsikitisha mama, kwani matanga ya watu watatu si matanga.

Hatukuwa watatu peke yetu asubuhi ile. Wavuvi waliokuwa wanaenda kutega walipita ng'ambo. Waliona gari la misheni, Mzungu, shimo, na vitu vitatu vimefungwa sanda. Kimoja kifupi.

Mtoto alipotea mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha. Alikuwa msichana wa darasa la kwanza, nyumba ya nne kutoka kwa mama. Mama yake aliuza maandazi karibu na shule, na baba walishaachana, alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la mpunga huko Mngeta. Mtoto alitoka shule hakufika nyumbani. Walimtafuta kwenye matete, walitazama mtoni kama kuna nguo, waliwauliza wavuvi. Na wavuvi wakakumbuka.

Siku hiyo tulikuwa na kliniki Lumemo. Hakuja mama hata mmoja. Mizani ilining'inia tupu kwenye mti, Sista amekaa chini yake na kadi zake. Nilielewa kabla sijaambiwa. Nikawasha gari nikamwambia tuondoke sasa hivi, twende polisi, twende popote. Aliuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema nyumbani. Akasema basi tunakwenda nyumbani.

"Sista, watakuua."

"Mara ya kwanza nilitolewa mimi, wao nikawaacha," alisema. "Mara ya pili sitoki."

Walikuwa wamejaa shambani. Sungusungu na mapanga yao, vijana wenye majembe, wanawake wamesimama nyuma na vitenge vimekazwa kiunoni. Sikuona mgeni hata mmoja, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu: ni watu niliosoma nao, niliowapa lifti, waliokula kwenye harusi yangu. Hawakupiga kelele. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, alikuwa anasonga ugali walipofika. Balozi wa nyumba kumi alisimama mbele, akanisalimia kwa jina kama kawaida, akamwamkia Sista shikamoo. Hata siku ile alimwamkia. Kisha akasema, kwa utaratibu, kwamba watu wanasema Sista amezika mtoto hapa.

Nilifungua mdomo nieleze. Sista alinitangulia.

"Ni kweli. Nimezika mtoto."

Nilisikia umati ukivuta pumzi. Mtu mmoja alipita mbele yangu na panga, nikasimama katikati bila kujua nitafanya nini.

"Fukueni," Sista alisema. "Fukueni muone."

Mama yangu alipaza sauti kutoka mlangoni, akawaambia wajue wanachofanya, kwani lile ni kaburi la mgomba na atakayelifukua ndiye mfiwa. Nani angemsikiliza? Walimwona kibaraka tu. Majembe yakaingia. Udongo wa Lumemo ni laini, haukuchukua muda. Walianza na lile fupi.

Sanda ilipoonekana, vijana waliruka nje ya shimo. Hakuna aliyetaka kugusa. Mama wa yule msichana ndiye aliyeteremka. Alipiga magoti, akaifungua marekani ile iliyogeuka nyeusi, kunjo baada ya kunjo, mikono yake ikalowa utomvu uliooza. Akafika mwisho. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, na kwao pia mgomba huzikwa hivyo; alijua alichokishika. Alikaa chini mle mle shimoni, mgomba mapajani, akalia kwa muda mrefu, na hatukujua kama analia kwa furaha kwamba si wa kwake, au kwa kuwa bado wa kwake hajaonekana. Nadhani alilia kwa yote. Kisha akainua uso.

"Huyu ni nani?"

Miaka yote ile nilimsikia Sista akiuliza swali hilo kwa watu wengine. Sikuwahi kusikia mtu akimuuliza yeye.

"Ni mdogo wangu," alisema. Akajigusa mbavu, akashusha mkono. "Alikuwa anafika hapa. Alikuwa mwizi wa karata." Akataja jina.

Yule mama alilirudia, vibaya. Balozi akalirudia, vibaya zaidi. Halafu likapita mdomo hadi mdomo shambani pote, kila mtu na ulimi wake, mpaka waliosimama mbali kabisa karibu na mto. Baadhi ya vijana walianza kujitoa pole pole. Mama yangu aliwazuia njiani na mwiko wake.

"Mnakwenda wapi? Mmefukua."

Balozi alivua kofia akakaa chini wa kwanza. Wakamzika upya. Mapanga waliyokuja nayo yakakata kuni za matanga, mchele ukachangwa, mikeka ikaletwa. Watu waliokuja kumuua Sista walilala nje ya nyumba ya mama yangu wakimlilia mtoto wa Kiroma. Nasema waliokuja kumuua, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sitalifuta neno hilo hata wakiniomba.

Matanga hayajaisha, habari ikaja na treni ya Tazara: mtoto yuko Mngeta. Baba yake alimpitia shuleni akampandisha behewa, hakuaga mtu. Mama yake alikwenda akamrudisha, na siku ile ile aliyofika naye alirudi kukaa kwenye mkeka, kwani matanga yalikuwa hayajaisha. Hakuna aliyemwomba Sista msamaha. Kliniki iliyofuata walijaa wote, wakagombania mizani kama zamani, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi niliacha kuitikia salamu za balozi.

Niliacha kazi ya misheni baadaye kidogo, nikaendesha lori la mpunga. Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, niliposikia Sista anarudishwa kwao moja kwa moja, miguu imekataa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa barazani na sanduku dogo, anasubiri treni ya jioni. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema, "Dereva, una gari?"

Nilimpandisha kwenye lori kwa kumbeba, mwepesi kuliko gunia la pumba, nikampeleka Lumemo.

Makaburi yalikuwa yamepaliliwa. Mama wa yule msichana alikuwa pale na jembe, na msichana mwenyewe, amekuwa mrefu, anakusanya majani. Walituamkia, wakaendelea na kazi. Lakini mto ulikuwa umekula shamba. Mahali tulipopanda mahindi sasa palikuwa maji, na ukingo ulikuwa umebakiza hatua chache kufika kwenye kaburi lile fupi. Udongo ulikuwa unadondoka tukiwa tunatazama.

"Utawachukua," Sista alisema.

Nilimwambia tutawahamisha kabla ya masika. Nilimaanisha. Halafu, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho, nikamtolea lililonikaa rohoni: kwamba sijawasamehe wale watu, kwamba nikilala bado nayaona majembe yale, nikamuuliza yeye aliwezaje kuwapima watoto wao wiki iliyofuata.

 Lori lilikuwa linatetemeka, sikuwa nimezima injini.

"Kambi yetu ilikuwa karibu na kijiji," alisema. "Walituona tukiletwa. Waliona mikokoteni ya maiti ikienda msituni kila asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe kuuliza mtoto yuko wapi."

Akawatazama wale wawili wakipalilia. Kisha akagonga dashibodi kwa kiganja, nami nikaondoa gari.